Pita na Usipite

Oiva Kemppainen alikuja Jumanne, theluji bado iko kolani,
bunduki ya babake ndani ya blanketi la jeshi,
mtutu mpya ndani ya boksi la posta.
"Irja," akasema, "kazi ya nusu saa.
Toa ule, tia huu. Hesi ni moja, nimepima."

Nusu saa. Nikabandika maji ya kahawa.

Bega lake la kulia lilipasuliwa Oulu mwezi wa tatu,
wakaweka tufe la chuma mahali pa mfupa.
Risasi ya babake hupiga teke kama farasi aliyeamshwa;
anataka ndogo, yenye adabu,
inayomtosha kulungu wa huku, mrefu kuliko mlango wangu,
lakini isiyomrudisha yeye kwa daktari.

Kweli, hesi ilikuwa moja.
Mtutu ukazunguka, ukazunguka, ukakaa
kama bwana harusi kitini.
Oiva akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia?"

Sasa lete risasi, nikasema, ya bandia, isiyo na baruti.

Kuingia, iliingia.
Lakini uso wa komeo ulichongwa kwa kitako kipana cha ile ya zamani;
hii ndogo ilicheza humo
kama mtoto ndani ya koti la mjomba.
Kulabu ikanyoosha kidole, ikashika hewa.
Nilipovuta komeo lilirudi mikono mitupu:
ganda limebaki chemba, limetulia, halina habari.
Na magazini! Ndefu kwa upana wa kidole;
risasi zililala humo kila moja na kibla chake.

Watu hudhani bunduki ni kitu kimoja.
Ni ukoo. Ukiuoa mtutu
umeoa na komeo, na kulabu, na springi ya chini,
na shangazi mmoja wa chuma asiyesema neno
mpaka siku ya msitu, kulungu amesimama,
ndipo anapokataa.

Nina vipande viwili ndani ya kopo la sigara,
vinang'aa kwa kushikwa. Kimoja jina lake Pita.
Cha pili, kirefu zaidi kwa unene wa unywele, Usipite.
Komeo lifunge juu ya cha kwanza, ligome juu ya cha pili.
Likifunga kwa vyote, chemba imekuwa pango,
na mimi sitaki jicho la Oiva liwe la kujifunzia.

"Basi tafuta komeo jingine," akasema, "ila hili usiliguse kwa tupa.
Hili ni la mzee. Kila kipande hapa ni cha mzee."

Nikaligeuza chini ya taa.
Mgongoni, chini ya grisi ya miaka, tarakimu tano.
Nikageuza mwili wa bunduki: tarakimu tano nyingine kabisa.
Nikamsogezea kioo cha kukuzia. Sikusema kitu.

Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.
Kumbe kuna fundi, mimi sijazaliwa,
aliyeinama kwenye jiriwa kama hii,
akaokota komeo la bunduki ya mtu asiyemjua,
akalisugua, akalipima, likakubali.
Na mzee akalibeba miaka arobaini
akiapa ni la tangu kiwandani,
au akijua, na kunyamaza.

Kahawa ilipoa.
Oiva alishika bega lake, akalizungusha polepole
kama mtu anayesikiliza bawaba.
"Hili langu," akauliza, "nalo lina namba?"
"Halikosi," nikasema. "Waulize Oulu."

Komeo la uso mdogo lilifika baada ya wiki tano,
kutoka kwa mjane mmoja wa Sotkamo,
pamoja na kulabu yake, na magazini yenye kizibo nyuma.
Juu ya Pita likafunga. Juu ya Usipite likagoma,
nikalipapasa kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa.
Nikavuta: ganda likaruka, likagonga birika,
likalala kwenye vumbi la mbao.

Lile la zamani amelichukua nyumbani ndani ya soksi.
Hajaamua ni la nani.